Choroko za Maji ya Chumvi

Darasa letu lilitakiwa kutoa mtu mmoja tu wa kwenda maonyesho ya sayansi, na nilitaka niwe mimi mpaka chakula kikawa hakipiti.

Nilipanga vifuniko vitatu vya makopo kwenye dirisha la jikoni, pamba ndani, choroko juu yake. Kimoja maji matupu, kimoja maji ya sukari nyingi, kimoja maji ya chumvi. Za maji matupu ziliota mbio. Za sukari zilijivuta. Za chumvi zililala doro, nikafurahi, maana ndivyo nilivyotaka kuonyesha.

Asubuhi ya kupeleka, nikakuta za chumvi nazo zimetoa vimizizi.

"Mama, nani kagusa hivi?"

"Mimi," akasema, uso umejaa raha. "Jana asubuhi niliziona hizo tu zimenuna. Nikaonja yale maji, he! Chumvi tupu! Nikajua mwanangu kakosea kupima, watamcheka. Nikazisuuza, nikaweka pamba mpya na maji safi. Si unaona zilivyochangamka?"

"Zilitakiwa zisiote."

"Shule gani hiyo inafundisha kunyonga mbegu?" Akacheka. Halafu akanitazama, kicheko kikakatika. "Nimekuharibia?"

"Hapana, mama."

Darasani nilimnong'oneza jirani yangu wa dawati, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Nikamwambia kilichotokea. "Kumbe chumvi haikuziua. Ilizizuia tu kunywa maji. Zilipooshwa, zikaota."

"We! Hiyo kali. Mwambie mwalimu."

Mwalimu akafika kwenye vifuniko vyangu. "Za chumvi zimeota? Binti, umenichanganyia mbegu hapa."

"Mwalimu, zili..."

"Ongea, hatuko msibani."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikatazama viatu vyangu.

"Zilioshwa, mwalimu!" Redio kasimama. Akaeleza kila kitu, kwa mikono na macho, vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Neno "mwenzangu" halikumtoka hata mara moja.

"Hiyo ndiyo sayansi!" mwalimu akamwambia Redio. "Wewe ndiye utakayetuwakilisha."

Nikangoja Redio aseme. Akasema, "Asante, mwalimu."

Mapumziko akanifuata. "Usininunie, shoga. Na mimi ningekaa kimya tungekosa wote. Eti, utaniazima vile vifuniko?"

Nikampa. Hata kukataa nilishindwa.

Nyumbani mama alikuwa ananingoja mlangoni. "Haya, wamesemaje?"

"Mwalimu kazipenda sana zile za chumvi."

"Si nilijua!" Akapiga makofi, akamwita jirani dirishani, "Jirani, njoo usikie! Mwanangu anakwenda maonyesho!" Sikuwa nimesema hivyo. Sikukanusha pia. Akanigeukia, "Ni lini? Niombe ruhusa kazini nije nikuone."

"Wazazi hawaruhusiwi," nikasema.

Akaitazama kanga yake iliyochakaa. Kisha akaniuliza kama ni kwa sababu ya nguo zake.