Kila Pembe Ionekane

Mkaguzi alilisogeza pazia kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayefunua sufuria ya jirani. Nyuma yake kulikuwa na godoro lililokunjwa, ndoo, na nguo tatu kwenye msumari.

"Hapa kamera haitaona," alisema.

"Hapo ni stoo tu, baba," alijibu Mama Funguo.

"Stoo nayo ni duka. Kanuni inasema kila pembe ionekane. Nyinyi wachonga funguo mmewekwa kundi la hatari. Kamera mbili, kumbukumbu za siku tisini, na hili pazia litoke. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Bila hivyo, leseni sahau."

Mama Funguo alikuwa amewachongea funguo watu wa mtaa mzima kwa miaka kumi na tisa, kumi na moja ya mwanzo akiwa na mumewe, na hakuna aliyewahi kuibiwa kwa sababu yake. Kanuni haikuuliza hilo. Wala haikujali kwamba baada ya kumzika mumewe alibaki na uwezo wa kulipia kodi ya mlango mmoja tu, akachagua ule wenye mashine ya funguo. Hakumwambia mtu kwamba analala humo. Wateja walidhani anawahi sana kazini, wakamsifu.

Fundi kamera alikuja na ngazi yake. Alifunga moja juu ya mlango, nyingine ikitazama lilipokuwa pazia.

"Taa nikizima je?" Mama Funguo aliuliza.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Hii gizani inaona kama mchana."

Alisema kwa fahari, akidhani mama anaogopa wezi.

Lisilo budi hutendwa. Alijifunza kubadili nguo ndani ya shuka, ameipa kamera mgongo, ndani ya chumba chake mwenyewe, kama mgeni ukweni. Wiki ya kwanza aibu ilimkaba. Kisha, na hili lilimuudhi kuliko aibu yenyewe, akaizoea. Miaka minane hakuna macho yaliyomwona akiamka. Akaanza kuisalimia: "Umeamkaje?" Akailalamikia kuhusu goti lake. Siku moja alicheka kwa jambo alilokuwa akiisimulia, kisha akajisikia akicheka, akanyamaza. Upweke ulikuwa umemfikisha huko.

Miezi mitatu ilipotimia, mkaguzi alirudi. Alikagua nyaya, akapima kila pembe kwa macho.

"Safi sana. Wengine wangejifunza kwako."

Mama Funguo alitabasamu. Alfajiri hiyo alikuwa amepangusa vioo vya kamera kwa kitambaa cha miwani.

"Sasa tuone kumbukumbu."

Kwenye kompyuta ya mkaguzi, mwanamke wa rangi ya majivu alitandika godoro, akalala, akaamka, akakunja godoro. Mkaguzi alikimbiza picha. Mwanamke alitandika tena, akakunja tena.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Na hapa midomo inacheza. Unaongea na nani?"

"Nasali," alisema. Uongo huo ulimuuma kuliko swali.

"Mama, kuishi ndani ya eneo la biashara ni kosa. Hii nafunga."

"Lakini siku ile uliliona godoro!"

"Siku ile niliona godoro. Leo nimeona mtu amelala." Alianza kuandika. "Kamera zako hazina tatizo. Tatizo ni wewe. Kama hujaridhika, rufaa ni haki yako."

Mkaguzi hakuwa na hasira naye. Alikuwa na maduka mengine manne ya kukagua kabla ya saa kumi. Alimruhusu kutoa nguo na godoro. Mashine ilibaki ndani, mlango ukapigwa lakiri.

Mama Funguo alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya rufaa, godoro kwapani. Watu kwenye foleni walimpisha, si kwa heshima. Karani wa dirishani alimpa fomu. Alijaza jina, akajaza kazi, na penye makazi akaandika namba ya duka.

Karani aliikata kwa wino mwekundu.

"Hii ni ya biashara, mama. Tunataka unapolala. Barua ya kukuita tunaleta nyumbani, mkononi. Bila makazi hatupokei."

"Na nikiwa sina?"

"Hakuna mtu asiye na mahali. Andika tu ulipo."

Aliliweka godoro sakafuni, akainama, akaandika taratibu jina la ofisi ile, ghorofa ya chini, dirisha la tatu. Akairudisha fomu.

Karani aliisoma, kisha akainua macho kumtafuta mlinzi.