Petroli Juu ya Eksozi

Fadhila alinusa petroli kabla hajaiona pikapu. Iliingia kwenye gereji yake ya Mkuyuni ikikohoa na kutoa moshi mweusi, ikazimika yenyewe katikati ya uwanja. Kwenye usukani alikuwa Mwalimu Gidion wa Buzuruga. Pembeni yake alikaa mkewe Amondi, amempakata mtoto wa miezi mitano, wote wamevalia kisherehe.

Gidion hakupoteza muda kwa salamu. Alisema saa nane mchana dada yake Rose anafunga ndoa Geita, na yeye ndiye wa kumwingiza kanisani badala ya baba yao marehemu. Ilikuwa inakaribia saa nne. Akapeleka mkono awashe tena.

"Mwalimu, toa mkono kwenye ufunguo," Fadhila alisema. "Mama, shuka na mtoto. Nendeni mpaka kule getini."

Alisema taratibu, na pengine ndiyo maana walimtii. Akafungua boneti. Kabureta ilikuwa imefurika, petroli inachuruzika ubavuni mwa injini, na matone yalikuwa yakianguka umbali wa vidole viwili tu na eksozi, bomba la kutolea moshi, lililokuwa bado la moto. Akamwaga mchanga chini ya gari, akaacha boneti wazi upepo upite, akasubiri. Alipoona mvuke umeisha ndipo akachomoa waya wa betri.

Gidion alisogea, akachungulia. "Kabureta imezeeka, eti? Nilijua tu."

Fadhila angeweza kuitikia, na mambo yangeishia hapo. Lakini siku ya Jumanne Fadhila mwenyewe ndiye aliyetoa pampu ya mafuta ya zamani iliyokufa, akafunga ya umeme. Pampu ile ilikuwa na nguvu kuliko kabureta inavyohitaji. Bila regulata ya kupunguza presha, mafuta yanaisukuma sindano ya boya, ile inayozuia mafuta yasizidi ndani ya kabureta, mpaka inashindwa kuziba. Regulata alikuwa nayo kwenye droo. Siku ile Gidion alikuwa akiwahi kipindi darasani, naye Fadhila akajiambia ataifunga gari likirudi. Hakumwambia mtu.

"Kabureta haina kosa," alisema. "Kosa ni langu." Akaeleza yote, bila kujitetea.

Shingo ilimvimba Gidion. Akatoa simu, akasema anamtafuta fundi mwingine, na kwamba watu wa Buzuruga watajua. Amondi alikuwa amerudi karibu. Alimbadilisha mtoto bega, akamtazama Fadhila.

"Tumetoka nyumbani tumeukalia moto huo na mtoto," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Afunge yeye. Anajua alipokosea."

Fadhila aliifunga regulata kwenye bodi ya gari, mbali na joto la injini. Akakata mpira wa mafuta kati ya pampu na kabureta, akahakikisha mshale uliochorwa kwenye regulata unaelekea kwenye kabureta, akakaza klipu za kubana mpira moja moja. Jasho lilimwingia machoni, akalifuta kwa kiwiko. Akaunga geji ya kupimia presha, akarudisha waya wa betri, akafungua swichi bila kuwasha injini.

Pampu ikanguruma. Mshale wa geji ukapanda hadi sita. Akalegeza skrubu ya regulata: tano, nne. Hapo tone likachomoza kwenye klipu ya mwisho. Akazima haraka, akasikia nyuma yake Gidion akivuta pumzi. Akatoa klipu ile, akaweka nyingine mpya, akafuta kila mahali, akaanza upya. Safari hii mshale ulishuka mpaka chini kidogo ya tatu, presha inayoifaa kabureta, ukatulia. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo. Kikavu.

Aliwaomba warudi getini, akapanda peke yake na kuwasha.

Injini ilishika. Akaizungusha pikapu mlimani na kurudi, akafungua boneti, akapapasa tena. Pakavu. Saa tano na robo Gidion alishika usukani, akaondoka bila kuaga.

Fadhila hakuweza kufanya kazi nyingine. Alihesabu moyoni: sasa wako Usagara, sasa wako darajani Busisi. Saa nane kasorobo simu ikaita. Alikuwa Amondi, na nyuma yake kwaya ilikuwa inajaribu sauti. Wamefika, alisema, na harufu ya petroli haipo. Kisha Gidion akachukua simu.

"Jumatatu naileta. Utanionyesha hicho kifaa, nijue ninachoendesha."

"Sawa, mwalimu."

Simu ilipokatika, Fadhila alibaki ameishika. Mwezi uliopita alikuwa amefunga pampu kama ile, bila regulata, kwenye gari la Pius wa Buswelu, naye pia alikuwa na haraka. Akatafuta namba yake. Iliita mara nne.

"Pius, uko wapi? Usiliwashe gari. Nakuja hapo ulipo."