Sikio la Kushoto la Agatha

"Nani alimpiga huyu mtoto kofi?"

Dokta Gervasi aliuliza bila kuinua macho, kile kifaa chake chenye taa kikiwa bado sikioni mwa Agatha. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua mtoto alizaliwa lini, aandike, aendelee na kazi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, mkoba wa shule begani.

Ni miaka miwili sasa, na swali lile bado hunijia nikiwa nakoroga uji.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa saba nilitoka Gitting, kijiji cha shule yetu, nikijiona mtu mwema kweli. Tangazo lilikuwa limefika shuleni: daktari wa masikio, pua na koo atakuwepo hospitalini siku mbili, kila mwalimu wa darasa awapeleke watoto wanaotoka usaha masikioni. Darasa langu la pili lilikuwa na mmoja tu, Agatha, binti wa wafugaji wa Kibarbaig kutoka kule chini mbugani. Sikio lake la kulia lilitoa usaha tangu aanze shule, na kwa ajili ya harufu nilimkalisha nyuma kabisa, dirisha likiwa kushoto kwake. Sikuona ubaya. Yeye alipata hewa, wenzake wakapata amani.

Kwamba akiitwa haitiki, hilo halikumshangaza yeyote. Sisi walimu tuliotoka Mbulu tulikuwa na jibu tayari kwa kila mtoto wa Kibarbaig aliyekaa kimya: Kiswahili hakijamwingia. Hata hilo jina la Agatha tulimwandikia sisi, maana la kwao lilitushinda kulitamka. Kwa hiyo asipogeuka, tulisema jina bado hajalizoea. Lilikuwa jibu zuri, halikutugharimu chochote.

Wiki moja kabla ya kufunga shule mwezi wa sita, subira ikaniisha. Nilimwita aje afute ubao. Nikamwita tena. Mara ya tatu darasa zima likacheka, yeye anatazama nje. Nikamfuata, nikamgeuza, nikamzaba kofi.

"Masikio yako umeyaacha wapi?"

Mimi natumia mkono wa kulia. Ninayempiga akiwa amenielekea, humpata kushoto.

Hakulia. Alishika shavu akanitazama mdomo, wala si macho, na mimi nikasema moyoni kwamba hiyo ni jeuri.

"Hili la kulia ni la siku nyingi," Dokta Gervasi alikuwa akieleza. "Mafua ya utotoni yanaingia sikioni, usaha unajaa, unatoboa ngoma ya sikio. Usipotibiwa unatoka miaka. Huku hasikii karibu kitu. Alikuwa anategemea la kushoto. Sasa nalo ngoma imechanika, na hapa hakuna usaha. Hili ni pigo."

Nikaliona akilini lile dirisha la darasani. Sikio zima nilikuwa nimelielekeza nje, na bovu nikaliachia darasa. Halafu hilo zima nikalipiga.

Mama yake, aliyekuja naye kwa miguu alfajiri, alikuwa amekunja uso akifuatilia Kiswahili cha daktari. "Likizo yote nikimwita haji," akasema. "Baba yake akasema, shule imemfundisha kudharau lugha yetu." Akafikiri kidogo. "Labda ni ndama. Tuna ndama mmoja anarusha sana teke."

Agatha alinitazama mdomo, akisubiri nitasema nini.

Nikanyamaza. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa: nilipewa ndama, nikamchukua.

Daktari alitupa masharti. La kulia, likaushwe kila siku kwa utambi wa kitambaa safi cha pamba, kisha matone ya dawa. La kushoto lisitiwe kitu chochote.

"Hata samli ya vuguvugu?" mama akauliza. Ndiyo iliyokuwa dawa ya kwao, na alikuwa akimdondoshea kila jioni kwa upendo wote.

"Hata samli, mama. Hata maji ya kuoga. Ngoma iliyochanika hivi mara nyingi hujifunga yenyewe ikiachwa kavu, miezi mitatu hivi. Isipojifunga ni upasuaji, tena mbali. Mpaka hapo ni kama kiziwi."

Akanifundisha mimi namna ya kumpima: simama nyuma yake, ziba sikio la kulia, nong'ona maneno matano, ayarudie.

Muhula mzima nilimkausha sikio kila asubuhi kabla ya kengele, kwa mkono ule ule. Mwanzoni alijikunja kila nilipouinua. Nilimhamishia dawati la mbele. Wenzangu walinisifu kwa moyo wangu wa huruma, na kila sifa ilinichoma, lakini sikusema neno.

Mwezi wa kumi nilishuka mpaka kwao. Mama alikuwa amekaa nje akishonea shanga kwenye ngozi. Nikamwonyesha Agatha vidole vitano, kwamba maneno ni matano, nikamsimamisha akanipa kisogo, nikamziba sikio la kulia kwa kiganja, nikainama upande wa kushoto.

"Ng'ombe," nikanong'ona.

Alikunja uso akitega sikio.

"Ng'ombe," akasema.

"Mvua."

"Mvua."

La tatu nilikuwa nimepanga liwe kiberiti. Nilifungua mdomo niseme kiberiti.

"Nisamehe."

"Nisamehe!" Agatha akaitamka kwa sauti kubwa, kama alivyozoea kusema tangu masikio yamwache, ikafika mpaka zizini.

Sindano ya mama yake ikasimama. Alinitazama usoni. Kisha akautazama mkono wangu wa kulia, uliokuwa bado umefunika sikio la binti yake, akautazama kwa muda mrefu.

"Haikuwa ndama," akasema.

"Haikuwa ndama, mama."

Sikuuondoa mkono, maana sikujua niupeleke wapi. Agatha alisubiri, akachoka kusubiri, akageuza kichwa kidogo.

"Bado mawili, mwalimu," akanikumbusha.