Gunzi Kwenye Bomba la Tangi

Jana mchana, baada ya kushiba makande tuliyowapikia wakwe, nilisinzia kitini nikaota nimeitwa shaurini. Aliyeniita ni tangi la darini, la hii nyumba kuukuu ya Lushoto tuliyoirithi pamoja na baridi yake.

Kosa langu nilikuwa nalijua. Tangi likijaa kupita kiasi, kuna bomba dogo linalomwaga ziada juu ya mlango wa mbele. Sikutaka baba mkwe alowe kichwa, aibu ile ningeiweka wapi? Nikaliziba kwa gunzi la muhindi. Mke wangu Nakiete akasema dari juu ya cherehani yake inavimba, niite fundi. Wiki tatu alisema, na wiki tatu nilimjibu, "Mmh."

Basi niko darini, na dari imekuwa mahakama. Karani ni boya, lile la kufunga maji tangi likijaa. Limetoboka, linaandika huku linazama.

"Boya limetoboka lini?" tangi linauliza.

"Pasaka."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka gunzi."

Boila la jikoni, lile la kuchemshia maji, ambalo limepanda ngazi kuja kusikiliza, linacheka hadi linatoa mvuke. Tangi halikasiriki. Linasema sheria ni moja tu, kinachozidi kipewe pa kutokea. Kisha linanichomeka gunzi mdomoni na kunifungulia maji masikioni.

Najaa. Dari inageuka kioo, namwona Nakiete chini yangu akishona koti la baba yake, na tumbo langu linamning'inia utosini. Nitapasuka, nimuue. Nampenda mwanamke huyu, na leo nimekosa hata pa kutolea neno.

"Mwambie akimbie," tangi linasema.

"Mmh," nasema.

Nakiete hainui kichwa. "Mmh yako naijua," anajibu, na kuendelea kushona.

Nalivuta gunzi kwa mikono miwili. Linatoka.

Niliamka nikipiga kelele, "Nakiete, toka hapo!" Akatoka, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Dari ikaangukia cherehani.

Baba mkwe akaingia kutoka barazani, kofia inachuruzika, akauliza nani kazibua bomba. Nilitaka kumjibu, lakini kuna kitu kilikuwa kimenikwama kwenye meno. Nikakitemea kiganjani: kipande cha gunzi, kimelowa maji.

Makande yana mahindi, ndiyo. Lakini hayapikwi na magunzi yake.