Mpira wa Kabibi Haujashuka

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, saa tisa na dakika ishirini alasiri, katika uwanja wa shule moja nyuma ya Marafa. Hapo ndipo Kabibi alipopiga mkwaju wake na mpira usishuke.

Wageni watatu kutoka shule ya bweni ya wasichana kule Kilifi walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Walikuja kutafuta msichana mmoja wa gredi ya tisa, mmoja tu, mwenye mguu, wamchukue akasome kwao mkondo wa michezo, chakula na kitanda juu yao. Wasichana kumi na wanane walikimbizwa tangu saa nne asubuhi. Kufikia saa tisa walibaki wawili: Kabibi, binti wa Gona yule mchimba visima, na Pola, binti wa Bwana Gerishom, mwenyekiti wa halmashauri ya shule. Ikaamuliwa kila mmoja apige mkwaju mmoja kutoka katikati ya uwanja, goli likiwa halina kipa, halafu fomu ijazwe.

Mpira uliotumika haukuwa wa shule. Shule ina mipira saba ya ngozi, imeletwa na wafadhili, imefungiwa kabatini ofisini isije ikachakaa. Ufunguo anao mwenyekiti. Siku hiyo mwenyekiti alikuwepo, ila ufunguo ulibaki kwenye suruali nyingine. Basi ukatumika mpira wa Kabibi, alioufunga mwenyewe kwa hando ya marehemu mama yake. Hando ni ile sketi ya Kigiriama ya marinda mengi. Ukiifumua unapata kitambaa kingi kuliko unavyodhani. Ndani alitia vipande vya tyubu ya baiskeli, nje akakaza kwa kamba ya mkonge. Ulidunda vizuri.

Pola alipiga wa kwanza. Mpira ulibingirika taratibu, ukavuka mstari, ukasimama kwenye nyasi. Kabibi akaufuata, akaupangusa vumbi, akauweka kwenye alama, akapiga. Ulipaa ukapita juu ya mwamba wa goli, ukapita juu ya ua wa senyenge ulio nyuma ya goli, ukafika urefu wa mnazi uliokomaa, ukatulia hapo.

Watu waliungoja kama unavyongoja chai ipoe. Baada ya robo saa mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliitazama fomu yake. Ilikuwa na visanduku viwili: ameingiza, na amekosa.

"Haujaingia," alisema.

"Wala haujakosa, mwalimu wangu," akajibu Mwalimu Sufyan, mtu wa Malindi mjini, anayefundisha hisabati na michezo. "Mpira haukosi mpaka utue."

"Sasa niandike nini?"

"Andika unangojwa."

Akaandika pembeni kwa penseli: unangojwa. Kisha akaeleza kwa upole kwamba fomu hufungwa tarehe thelathini Juni. Mpira ukishuka kabla ya hapo, na ukaangukia golini, watarudi kuzungumza. Usiposhuka, nafasi haiwezi kukaa wazi, itakwenda kwa mwenye jibu. Wakamaliza soda zao, wakaondoka.

Gona alifika saa kumi na moja akiwa na udongo wa kisima mpaka kwenye nyusi. Alimkuta bintiye ameketi peke yake kwenye alama ya katikati. Gona humwita mama, kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la bibi yake mzaa baba.

"Mama, mpira uko wapi?"

"Uko juu, baba."

Gona akautazama.

"Ulipiga kwa mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Haya. Twende ukale."

Gona hakuwa mtu wa kushangaa. Aliishia darasa la nne, na tangu hapo amejifunza jambo moja tu kuhusu wakubwa: kwamba Mungu aliwaumba na funguo mikononi. Miaka miwili nyuma mkewe, Kache, alipelekwa zahanati akiwa na uchungu wa kuzaa. Nesi alikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Ufunguo wa chumba cha kuzalia alikuwa nao mkubwa mmoja, na mkubwa huyo alikuwa Mombasa kwenye semina ya namna ya kuwahudumia wajawazito. Kache alizikwa Jumamosi. Mkubwa yule alirudi Jumatatu, na cheti.

Wa kwanza kuja na maelezo alikuwa Damaris, dada yake Gona. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, hata shikamoo ya Kabibi hakuisubiri.

"Hando ya marehemu hupigwa teke, Gona? Siku ya hanga, tulipomaliza matanga, ulitakiwa ugawe nguo za mkeo zote. Ukaficha moja, ukampa mtoto achezee. Ndiyo hiyo sasa imekwenda kwa mwenyewe."

"Kama imekwenda kwa mwenyewe, mbona imekwama kwa Gerishom?"

Damaris akashusha mikono. Akaomba maji ya kunywa.

Na kweli mpira ulikwama kwa Gerishom. Ua ule wa senyenge ni wake. Miaka sita iliyopita alisema uwanja unaingiliwa na mbuzi, akazungushia ua upande wa kaskazini, na goli likasogezwa upande huu. Tangu hapo mbuzi wanaoonekana ndani ya ua ni wake. Halmashauri ilipitisha pia kwamba kitu chochote kitakachoanguka ndani ya ua ni cha mwenye ua, ili watoto wasizoee kuruka senyenge. Hivyo ndivyo shule ilivyopoteza mipira kumi na moja ya kamba, viatu vitatu na tiara moja. Gona aliwahi kusimama barazani mara tatu akasema goli la zamani lilikuwa kule ndani. Mara ya kwanza aliambiwa alete ramani. Mara ya pili aliambiwa mkutano umefungwa. Mara ya tatu aliambiwa, "Mzee, wewe chimba."

Siku zikapita, mpira uko juu. Upepo wa kusi ulivuma, haukuusogeza hata kidole. Kunguru waliuzunguka kwa mbali. Mvua iliponyesha, mpira uliendelea kudondosha matone kiasi cha dakika kumi baada ya wingu kwenda zake, kama nguo iliyoanikwa. Mama mmoja alisema ni ishara, akaulizwa ya nini, akasema bado anafikiri.

Mwalimu Sufyan ndiye aliyeona kivuli. Ukutani ofisini kuna orodha ya shughuli za wanafunzi, imepigwa chapa vizuri: klabu kumi na moja, pamoja na ya kuogelea, na maji ya shule hutoka kisimani kwa ndoo. Hakuna hata moja inayokutana. Akaanzisha ya kumi na mbili, bila kuomba ruhusa. Kila adhuhuri jua lilipofika juu kabisa, Kabibi na wenzake wanane waliweka jiwe pale kilipoanguka kivuli cha mpira.

"Kwa nini kivuli kiko upande huu, na mpira uko kule?" Kabibi aliuliza.

"Jua sasa liko kaskazini kwetu, mwanangu, ndiyo maana kinasukumwa kusini. Lakini litarudi. Mwisho wa Septemba litatukalia utosini, na kivuli hakitakuwa na pa kukimbilia. Kitaanguka chini ya mpira wenyewe. Hapo tutajua uko juu ya nini."

"Si tunajua uko kwa mwenyekiti?"

"Kwa mwenyekiti ni pakubwa. Mimi nataka mahali."

Tarehe thelathini Juni ilifika. Mpira haukushuka. Fomu ikafungwa, jina la Pola likaandikwa kwa wino. Siku ya pili yake Pola alikuja kwenye mstari wa mawe.

"Nilikuwa naomba ushuke," alisema.

"Mimi pia."

"Naweza kuweka jiwe la leo?"

Kabibi akampa.

Mawe yalikwenda kaskazini taratibu. Mwanzoni kivuli kilisogea kwa unene wa kidole, halafu kwa upana wa kiganja. Siku ya kufunga shule, tarehe moja Agosti, kilipita chini ya senyenge kikaingia kwa mwenyekiti. Klabu ikasimama kwenye senyenge ikitazama. Mlinzi wa Gerishom, kijana aitwaye Thuku, akasema mtu haruhusiwi kuingia.

"Na kivuli?" Kabibi aliuliza.

Thuku alifikiri sana. "Kivuli sikuambiwa."

"Na jiwe?"

"Jiwe likirushwa ni kosa. Likiwekwa, sijui."

Basi Agosti nzima na Septemba nzima Kabibi alijipenyeza kila adhuhuri chini ya senyenge, akaweka jiwe, akatoka, na Thuku akatazama mbuzi. Rinda la Kabibi lilichanika mara nne. Gona alilishona mara nne, kwa sindano ya magunia.

Jumanne, tarehe thelathini Septemba, shule nzima ilisimama kwenye ua. Jua lilikaa utosini. Mlingoti wa bendera haukuwa na kivuli, wala mwalimu mkuu. Kabibi aliingia, akatembea juu ya mstari wake wa mawe mpaka mwisho, akapiga hatua moja zaidi, akainama. Kivuli cha mpira kilikuwa kimelala chini, kidogo, cheusi, hakiyumbi. Kushoto kwake, kwenye magugu, palikuwa na kisiki cha mti uliokatwa kwa msumeno. Akatembea kulia akihesabu hatua kwa sauti. Akakuta cha pili. Vyote viwili vilikuwa na saruji mguuni, na mabaki ya rangi nyeupe.

"Mwalimu!" aliita. "Kiko katikati!"

Gona alikuwepo. Alipanda juu ya tofali ili aone vizuri.

"Mashimo hayo ya goli nilichimba mimi," alisema, si kwa sauti kubwa. "Mwaka tisini na nane. Futi tatu na nusu kila moja. Maji ya saruji alileta Kache kichwani, kabla hatujaoana. Kwenye saruji ya kulia mtaona kidole chake gumba."

Kabibi akaifuta saruji ya kulia kwa mkono. Akaona alama ya kidole gumba. Akaweka chake juu yake, kikatosha.

Jibu likawa wazi, na hakuna aliyelipinga. Mkutano uliitwa Ijumaa. Bwana Gerishom alikuja amevaa kofia mpya, akasalimia wazee kwa majina, akaomba aseme wa kwanza.

"Mimi sina ugomvi na kivuli," alisema. "Kivuli kimesema goli la shule liko kule, na mimi nakubali liko kule. Mpira uko juu ya goli. Goli ni goli. Tumpigie binti makofi."

Watu wakampigia Kabibi makofi.

"Na ua?" Gona aliuliza.

"Ua ni wa kuzuia mbuzi, mzee wangu."

"Mbuzi waliomo ni wa nani?"

"Waliomo hawana shida. Shida ni walio nje."

Wajumbe wa halmashauri wakaitikia kwa vichwa, kwamba ni kweli, walio nje ndio wabaya. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba jambo la ua litaangaliwa. Gona anajua kuangaliwa ni nini. Zahanati nayo iliangaliwa.

Mama mwenye miwani kutoka Kilifi aliandikiwa barua na Mwalimu Sufyan, pamoja na michoro ya mawe yote. Alijibu haraka, lazima asifiwe kwa hilo. Alisema ameridhika, mkwaju uliingia, na amekwisha kufuta neno unangojwa na kutia alama kwenye kisanduku cha ameingiza. Kwa bahati mbaya nafasi ilikuwa moja na ina mtu. Alimtakia mwanafunzi mafanikio katika juhudi zake, akaambatanisha cheti.

Klabu ya kivuli ilikwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya kaunti, ikashika nafasi ya pili. Picha ya kikombe ipo ukutani ofisini, juu ya kabati lenye mipira saba. Aliyeshika kikombe ni Bwana Gerishom. Kabibi yuko mwishoni kushoto, anatazama juu, nje ya picha.

Januari Pola alikwenda Kilifi na sanduku la bati. Kabibi alipangiwa shule ya kutwa isiyo na uwanja, anapita kwenye uwanja ule wa zamani kila siku akienda na akirudi. Mpira bado uko juu. Magari ya watalii yanayokwenda kwenye lile bonde jekundu la Marafa husimama kidogo, watu wakautazama, dereva akawaeleza kwamba ni mpira, wakaendelea na safari.

Juzi Kabibi na baba yake walisimama kwenye senyenge saa kumi jioni. Mvua ndogo ilikuwa imepita na mpira ulikuwa bado unadondosha, tone moja moja, kati ya visiki viwili. Kamba ya mkonge ilionekana imelegea upande mmoja, na kipande cha hando, kama kiganja, kilikuwa kimening'inia.

"Inachakaa, baba."

"Naona, mama."

"Siku moja itashuka."

"Itashuka."

Thuku alikuwa upande wa pili na fimbo yake, akichunga. Alisikia kila neno, akasogea karibu, maana naye alitaka kujua. Kabibi akashika waya kwa mikono miwili.

"Baba, hando ya mama ikianguka mle ndani, itakuwa ya nani?"