Gari la Bibi Harusi Lachemsha

Mji mzima wa Tainan hakuna aliyekuwa akijua magari kumshinda Fundi Lo, na kama unabisha ungemuuliza mwenyewe, angekwambia. Miaka thelathini na moja alikuwa akiwagombeza watu kwa kuua injini zao. Lakini asubuhi ile mwanamume huyo huyo alikuwa ameketi mlangoni kwake juu ya kiti cha plastiki, suti imembana, beseni tupu mapajani, analia bila hata kujificha.

Binti yake wa pekee, Yi-chun, alikuwa ndiyo kwanza ameondoka na mumewe. Baba alishamwaga maji nyuma ya gari kama inavyotakiwa, na maji yakishamwagwa, kwaheri imekwisha: mzazi hafuati, hata kuchungulia kona haruhusiwi. Mama wa binti alifariki zamani. Sasa nyumbani amebaki Fundi Lo na spana zake.

Huko kwa mume alikuwa akisubiri Bibi Tseng, nyanya wa bwana harusi, mwanamke asiyecheka ovyo. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mpiga ramli kutafutiwa saa njema: bibi harusi avuke kizingiti kabla ya saa tano kamili. Akichelewa, ndoa imeingia na mkosi, na bibi huyo hasahau kitu.

Saa nne na dakika tano simu ikalia.

"Baba," alisema Yi-chun, "gari linachemsha."

Machozi yakakauka hapo hapo. "Mko wapi?"

"Karibu na hekalu. Kuna maandamano ya kumtembeza mungu wao, njia imeziba, hatusogei."

"Mlipokuwa mnakimbia, mshale wa joto ulikuwa wapi?"

"Katikati. Tuliposimama tu, ukaanza kupanda."

"Basi feni hiyo. Gari likikimbia linapata upepo wa bure, likisimama linategemea feni. Washa hita mpaka mwisho, itoe joto kwenye injini."

"Baba, hita? Mwezi wa saba huu! Na gauni hili?"

"Washa, fungua madirisha!"

Dakika moja ikapita. "Baba, wanja umefika kidevuni."

"Wanja utapakwa tena, injini haipakwi. Hebu nipe mumeo."

Mume, Po-han, alikuwa daktari wa meno, kijana mpole mwenye mikono misafi kupita kiasi. Akapokea simu kwa adabu zote. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Zima injini, fungua boneti. Je, waya wa feni umechomoka?"

"Feni iko wapi, Baba?"

"Mbele ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini."

"Na rejeta iko wapi?"

Fundi Lo akafumba macho. Meno thelathini na mawili anayajua kwa majina, boneti moja inamshinda! Na huyu ndiye aliyepewa mtoto!

"Ah, nimeona kifuniko," Po-han akasema kwa furaha. "Ngoja nikifungue nitazame maji."

"USIGUSE!"

Majirani walitoka nje. Kifuniko cha rejeta iliyochemka si kifuniko cha sufuria. Ukikifungua, maji ya moto yanakurukia usoni. Fundi Lo alimwona binti yake akiwa mke saa tatu na muuguzi saa nne. Mila ni mila, jamani, lakini hapana. Akatupa beseni, akachukua boksi la vifaa na dumu la maji, akapanda skuta yake na suti ile ile.

"Wewe Lo!" jirani mmoja alimpigia kelele. "Maji umeshamwaga, unamfuata wapi?"

"Yale yalikuwa ya kumuaga," alijibu. "Haya ni ya rejeta!"

Akapenya katikati ya ngoma, fataki na wabeba kiti cha mungu, akiomba radhi kwa wanadamu na kwa mungu mwenyewe. Akawakuta kando ya barabara. Yi-chun amekaa kwenye ukingo wa njia na gauni lote, uso umechirizika wanja hadi shingoni. Po-han anampepea kwa kitabu cha gari, ambacho bila shaka hakuwa amekifungua.

Fundi Lo akainama mbele ya gari. Akaona. Mkia wa utepe mwekundu uliofungwa mbele kwa mapambo ulikuwa umevutwa ndani na upepo, ukajizungusha kwenye feni na kuikaba kabisa.

"Mjinga gani huyu!" akafoka. "Nani kafunga utepe mrefu namna hii mbele ya rejeta? Mtu ana akili timamu kweli?"

Po-han akaacha kupepea.

"Baba," Yi-chun akasema taratibu, "ni wewe."

Ni kweli. Alikuwa ameamka alfajiri, akaufunga kwa mikono yake, mizunguko mitatu, na mikia akaiacha mirefu makusudi ili mji mzima ujue leo binti wa Lo anaolewa. Akasimama pale, masikio yamemuiva. Yi-chun akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka wanja ukaanza upya.

"Lete mkasi," fundi akanung'unika.

"Baba, samahani," alisema Po-han. "Bibi alisema chekundu kisikatwe leo. Mkosi."

Basi akaufumua kwa vidole, uzi kwa uzi, chuma bado cha moto, akilaani kwa sauti ndogo. Fyuzi ilikuwa imekatika. Hiyo alikuwa nayo. Rilei, kile kidude cheusi kinachoiwasha feni, ilikuwa imeungua. Hiyo hakuwa nayo. Akachomoa ya honi, akaichomeka mahali pake. Rejeta ilipopoa akaongeza maji. Wakawasha, wakasubiri mshale upande, na feni ikazunguka.

"Sasa hamna honi," alisema, "na njia yote watu. Nifuateni."

Akatangulia na skuta, anapiga kihoni chake kile chembamba, anapiga mayowe: "Pisheni! Bibi harusi! Pisheni!" Saa tano kasoro dakika nne wakaingia uani kwa akina Tseng. Yi-chun akavuka jiko la makaa, akavunja kigae kwa mguu, kufukuza mkosi kama mila inavyotaka, akaingia, uso mweusi na yote.

Fundi Lo alikuwa ameshageuza skuta.

"Wewe!" Bibi Tseng alikuwa amesimama mlangoni. "Baba wa bibi harusi haji hapa leo. Wewe nani?"

Fundi Lo akatazama mikono yake, imejaa grisi mpaka kwenye vifundo. "Fundi, Bi Mkubwa."

"Gari limepona?"

"Limebaki honi tu."

"Basi fundi haondoki kazi haijaisha. Nawa mikono, uje ule." Kikongwe akasogea karibu, akashusha sauti. "Na gari lile naona bovu sana. Litakutaka kila Jumapili."

"Hapana, Bi Mkubwa, gari zima kabisa, ni kidude kimoja tu cha—"

"Nimesema bovu."

Fundi Lo akamtazama yule bibi. Kisha akatazama ndani, alipoingia binti yake. Miaka thelathini na moja hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu gari lake, na alijivunia hilo kuliko kitu chochote.

"Bovu, Bi Mkubwa," akasema, akifuta macho kwa kiganja chenye grisi. "Bovu mno."