Kitambaa Kilichopungua Kabla ya Maji

Nyumbani walimwita Kiherehere, na alasiri hiyo alilitendea jina lake haki. Tangu atoke shule alikuwa akiinuka na kukaa, akitoka nje na kurudi, akifungua daftari na kulifunga, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama yake, fundi wa nguo, aliyekuwa mashineni dukani kwake akishona ukanda wa suruali, alishachoka kumwangalia.

"Wewe mtoto, umemwagiwa upupu? Hebu tulia!"

"Siwezi, mama. Mwisho ni kesho asubuhi, kabla ya kengele."

Huo mwisho ulikuwa wa maonyesho ya sayansi. Kila mwanafunzi wa darasa la saba alitakiwa apeleke swali lake mwenyewe la kuchunguza, na mwalimu wa sayansi alikuwa amegawa karatasi tatu tu kwa kila mtu. Ya tatu ikikataliwa, basi, siku ya maonyesho unakaa kwenye benchi kuwapigia wenzako makofi. Kiherehere alikuwa ameshachezea mbili. Ya kwanza ilikuwa volkano ya magadi na siki. Mwalimu aliicheka mpaka akavua miwani. "Mwaka huu peke yake nimeshalipuliwa na volkano saba!" Ya pili ilikuwa taa inayowashwa kwa limau, na hiyo hakuicheka. "Hii umeitoa kwenye simu. Jibu unalo tayari, sasa unachunguza nini? Niletee jambo linalokusumbua wewe."

Maneno rahisi hayo kwa mtu mwenye mshahara wake! Kilichokuwa kinamsumbua Kiherehere kilikuwa kimoja tu, na kwa jinsi alivyojua yeye hakikuwa sayansi hata chembe. Ilikuwa ile meza ya pili hapo dukani, iliyobaki tupu.

Meza hiyo ilikuwa ya mama mdogo. Miezi yote waliyofanya kazi pamoja, mama ndiye aliyewapima wateja, maana kwenye kupima hakumwamini mtu, na mama mdogo akakata kwa vile vipimo vilivyoandikwa daftarini. Kisha malalamiko yakaanza. Suruali hazifungi kiunoni. Gauni linabana kwapani mpaka mtu hawezi kunyanyua mkono. Na cha ajabu, nguo ambazo mama alizipima na kuzikata mwenyewe ziliwakaa watu vizuri kabisa. Mama akajumlisha mambo yake kichwani, akaona jibu: mdogo wake anapunja kitambaa ili vipande vinavyobaki akawashonee wanawe. Angemweka pembeni akamuuliza. Hapana, alimwambia palepale, wateja watatu wamesimama, kwa neno lile lisilorudishwa mdomoni: mwizi. Mama mdogo alitia mkasi wake na tepu yake kwenye mkoba, akaondoka. Sasa alikuwa akibandika vifungo kwenye kiwanda cha sare, na hakuwa na simu ya dada yake ya kupokea, kwa kuwa dada mtu hakupiga.

"Mama," Kiherehere aliuliza, akizunguka ile meza kwa mara ya kumi, "zile nguo zilizobana, si labda vitambaa vilipungua vilipofuliwa?"

"Pamba hupungua, kila fundi anajua. Lakini si kwa kiasi kile."

"Kwani hupungua kwa kiasi gani?"

Mama akasimamisha mashine. Hakujua. Moyo wa Kiherehere uliruka. Hatimaye swali ambalo hata mtu mzima hana jibu lake!

Akachambua vipande kwenye kapu, pamba huku, nailoni kule. Akachukua rula yake ya chuma ya shule, ya sentimita thelathini, akaipanga mara mbili juu ya kila kipande na kukata pale pale kwenye sitini. Akajaza maji kwenye beseni. Ili awe na uhakika, akataka kupima upya kabla ya kuloweka, safari hii kwa tepu ya mama.

Tepu ilikuwa ikining'inia kwenye msumari ukutani, na mkasi mkubwa wa chuma ukiwa umefungwa kwenye ncha yake ya chini. Ndivyo mama alivyoutunza mkasi tangu Kiherehere alipokuwa akitambaa, usije ukaangukia mikononi mwa mtoto. Kiherehere akaufungua mkasi, akanyoosha tepu juu ya kipande cha pamba.

Hamsini na nane na nusu.

Akapima nailoni. Hamsini na nane na nusu. Vitambaa vimepungua na maji bado hayajavigusa! Akarudia rula, sitini. Akarudia tepu, hamsini na nane na nusu. Akaangalia mkasi ulio mezani, akaunyanyua, akauona ulivyo mzito.

"Mama, njoo."

"Nina ukanda wa mtu hapa."

"Njoo, mama. Tafadhali."

Mama alipima mwenyewe mara mbili. Akasema rula za siku hizi ni za ovyo, akaenda kwa seremala wa duka la pili kuazima tepu yake ya bati, akarudi nayo akipumua kwa nguvu. Tepu ya bati nayo ilisema sitini.

"Mkasi umeivuta," Kiherehere alisema, kwa sauti ndogo. "Imerefuka. Kiuno cha themanini wewe unakisoma sabini na nane. Ukikata kwa tepu hiyohiyo, inarudi themanini. Lakini mama mdogo alikuwa na tepu yake. Ukimwandikia sabini na nane, anakata sabini na nane."

Mama aliketi kwenye kiti cha mama mdogo, ambacho hakuna aliyekikalia tangu siku ile, na macho yakajaa machozi.

Kiherehere aliona aibu, aibu ya kumwona mama yake hivyo na ya kuwa yeye ndiye aliyemfikisha hapo. Alishalijua swali la kuandika: je, tepu ya kupimia hurefuka kiasi gani ikining'inizwa kitu kizito? Angenunua tepu mpya tano, azifunge mizigo tofauti, apime kila siku. Hakuna simu yenye jibu hilo. Lakini siku ya maonyesho wazazi wote wangekuja, na nusu yao walikuwa wateja.

"Nitatafuta lingine, mama. Mpaka asubuhi nitakuwa nimepata."

"Andika hilohilo."

"Watalisoma watu wote."

"Nilimwita mwizi mbele za watu," mama alisema. "Basi na wasome watu."

Akafuta uso kwa kanga, akauacha ukanda wa mtu mashineni, akavaa viatu. Kiwanda kilikuwa kikitoa wafanyakazi saa kumi na moja, na ilikuwa imebaki nusu saa. Mlangoni akasimama, tepu imekunjwa kiganjani.

"Nikimkuta, nianzeje?"

Kiherehere akamtilia ile rula ya chuma mkononi. Mama akaishika pamoja na tepu, akaenda.